Jihadhari na Msumeno Uliolala

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi umezoea kusoma juu ya malaria, juu ya kipindupindu, na juu ya maji ya ziwa ambayo hayafai kunywewa bila kuchemshwa. Leo nataka kusema nawe juu ya mashine ndogo iliyo mezani chini ya mwembe, au chini ya bati nyuma ya jiko. Usigeuze ukurasa kwa kusema, "Mimi si seremala." Labda jirani yako ni seremala, na watoto wako hucheza kwake.

Ni ule msumeno wa umeme wa kukatia mapindo. Wewe fundi waujua. Wembe wake ni mwembamba kama utepe, nao hupanda na kushuka katika tundu la meza. Kwa huo waweza kukata ua, ndege, upinde wa kichwa cha kitanda, hata herufi za kubandika juu ya mlango wa kanisa, kazi ambayo msumeno mpana wa mkono hauwezi. Fundi mwenye fedha hununua mashine yenyewe ya kiwandani, ambayo ina mkono juu wa kuushika wembe ncha zote mbili. Asiye na fedha hiyo hufanya kwa akili yake. Huchukua ule msumeno wa kushika mkononi, ambao kwa Kifaransa huitwa sauteuse, huugeuza juu chini, huufunga kwa skrubu chini ya ubao, na wembe hutokeza juu ya ubao kama jino. Lakini sasa kidole chake hakifiki tena kwenye kibonyezo. Basi hukifunga kwa kamba, au kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kibaki kimebanwa siku zote. Akitaka kazi, huchomeka waya. Akimaliza, huchomoa.

Siicheki akili hiyo. Nimekalia viti vilivyokatwa kwa mashine za namna hiyo, navyo ni vizuri. Lakini katika kile kipande cha mpira ndimo inamokaa hatari ninayotaka kukuonyesha.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa zamu. Akaletwa mtoto wa miaka tisa, mkono wake wa kuume umefungwa kwa shati la baba yake, na shati lote limelowa. Nilipofungua, nikaona kidole cha shahada na kile cha kati vimekatwa kwenye kiungo cha mwisho. Mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza. Aliyekuwa akisema ni baba, naye alisema neno moja tu, tena na tena: "Lakini ulikuwa umezima. Lakini ulikuwa umezima."

Baadaye akanieleza. Umeme ulikatika saa nane. Alingoja, akachoka, akaenda sokoni kununua misumari. Msumeno aliuacha vile vile, kibonyezo kimefungwa mpira, waya ungali katika prizi. Mashine ilinyamaza, na kila aliyepita aliiona ni mashine iliyozimwa. Mtoto akaja na kipande cha ubao, maana alitaka kujitengenezea gari. Akaweka vidole juu ya wembe asikie ukali wa meno yake, jinsi watoto wote wafanyavyo.

Saa kumi umeme ukarudi. Nawe wajua mji wetu ulivyo umeme ukirudi: watoto wa mtaa mzima hupiga kelele za furaha, na redio zilizosahauliwa huanza kuimba zenyewe. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba akifua nguo. Alisikia zile kelele, naye akafurahi pamoja nao. Kilio cha mwanawe kilikuwa ndani ya kelele hizo, wala hakukitambua mara moja.

Tangu siku hiyo nina neno moja ambalo nimelisema mbele ya mafundi wengi, wengine wakakubali, wengine wakanicheka. Nasema kwamba msumeno huu ni wa hatari zaidi unaponyamaza kuliko unaponguruma. Unaponguruma, kila mtu huuogopa. Mama humwita mtoto, kuku hukimbia, na fundi mwenyewe hutazama vidole vyake. Lakini unaponyamaza, hakuna anayeuogopa, na mara nyingi fundi mwenyewe hayupo. Mashine iliyozimwa na mashine iliyokosa umeme hufanana kabisa kwa macho na kwa masikio. Ile redio uliyoisahau hujiimbia umeme ukirudi, nawe hucheka. Msumeno nao hufanya vivyo hivyo. Haukuzimwa. Ulilala tu, na hujui saa ya kuamka kwake.

Tena huamka upesi. Ile mashine ya kiwandani yenye mkono juu hupiga kati ya mara 400 na 1,800 kwa dakika moja. Gawanya 1,800 kwa sekunde 60, utapata mara 30 kwa sekunde moja. Ile sauteuse huenda mbio kuliko hiyo, maana ziko zinazofika 3,000 kwa dakika. Kabla mtoto hajasikia uchungu na kuvuta mkono, wembe umekwisha kupita mara nyingi.

Baada ya jambo lile nilisikia watu wakisema kwamba mtoto ndiye mtundu, aligusa kisichomhusu. Sikubali. Torati iliagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Haikusema kwamba anayepanda aangalie mahali anapokanyaga. Ilimpa kazi mwenye nyumba. Mtoto wa miaka tisa asiyegusa kitu huyo ni mgonjwa, mleteni tumpime.

Wengine husema kwamba mashine hizi zitolewe katika malupango, zipelekwe mbali na nyumba. Hao nao siwaungi mkono, ingawa nawaelewa. Zamani wanaume wengi wa Kalemie walifanya kazi ya mshahara relini, bandarini, au katika kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mahali kama hapo pana lango, na mtoto hapiti. Kiwanda hicho kilikwisha kufungwa, na kazi za mshahara zimekuwa chache. Mtu aliyefundishwa useremala amefanya lupango lake kuwa karakana. Vitanda anavyouza ndivyo vinavyolipa shule ya watoto hao hao. Ukimwambia aipeleke mashine mbali, ni sawa na kumwambia aiuze. Kazi imehamia nyumbani, lakini lile lango halikuhama nayo. Inatupasa kutafuta kitu kidogo cha kushika mahali pa lango, kitu ambacho fundi maskini aweza kukifanya leo jioni.

Mimi nashauri msumari.

Piga msumari mmoja mrefu ukingoni mwa meza, upande unaosimama wewe. Umeme ukikatika, chomoa fishi, yaani kichwa cha waya, ukaitundike juu ya msumari huo kabla hujafanya neno lingine lolote, hata kabla hujaulaumu umeme. Ukibadili wembe, fishi iwe msumarini. Ukiitwa kula, au mgeni akija na kukusalimu, fishi iwe msumarini. Usiseme, "Ni dakika moja tu." Ukitazama msumari ukaona fishi imening'inia, ndipo ujue kwamba mashine imekufa kweli. Usipoiona hapo, uihesabu kuwa hai, ijapokuwa imenyamaza tangu asubuhi.

Fundi mmoja aliniambia, "Prizi yangu imo ndani ya nyumba, waya wapita dirishani." Basi hapo hatari imeongezeka, maana mtu aliye ndani, akitaka kuchaji simu, huchomoa na kuchomeka bila kuona ni nani aliye mezani nje. Lete ule waya mrefu, ralonji, mpaka kwenye meza, na kiungo chake kiwe mbele ya macho yako. Wala usiache nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki zilale chini katika majira ya mvua. Juu ya hilo nisiseme zaidi, wengi mmeona wenyewe lilivyoua.

Na juu ya ule mpira wa baiskeli: ukate. Najua utaniuliza, "Mikono yangu miwili imeshika ubao, nitabonyeza kwa nini?" Utabonyeza kwa mguu. Iko swichi ya mguu: ukiikanyaga mashine yafanya kazi, ukiinua mguu yasimama. Umeme ukirudi na mguu wako haupo, hakuna jambo. Angalia tu kwamba imeandikwa nguvu inayotosha mashine yako. Usiazime ile ya cherehani ya mama, haikutengenezwa kwa mzigo huo, nayo itaungua. Tena karakana kubwa zina swichi ya namna nyingine, ambayo umeme ukikatika hujifungua yenyewe, nayo haishiki tena mpaka mtu aibonyeze kwa mkono wake. Kama unakusanya fedha upate mashine ya pili, maoni yangu ni kwamba ununue kwanza swichi kwa ajili ya hii ya kwanza.

Siwezi kumfundisha seremala useremala, lakini majeraha nimeyaona, nayo yamenifundisha mambo machache. Vidole vinavyokatwa ni vile vilivyokuwa mbele ya wembe, katika njia yake, vikisukuma. Viweke pande mbili, kushoto na kuume. Kipande kidogo kama kiberiti usikishike kwa vidole. Kibandike kwanza juu ya ubao mkubwa kwa gundi, ukate, ndipo ukitenge. Wembe ukiwa butu utasukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu huteleza. Ukiona ubao unarukaruka mezani, wembe umebanwa. Usishindane nao, simamisha mashine kwanza. Usivae glavu wala mikono mirefu ya shati iliyolegea. Vaa miwani, hata ya bei ndogo, maana wembe huo mwembamba hukatika ghafula na kipande chake hakichagui pa kwenda. Jicho halishonwi kama kidole.

Sasa juu ya vumbi. Hapa mafundi hunicheka zaidi, maana vumbi halitoi damu. Msumeno huu hutoa unga laini sana, unaoelea penye mwanga wa jua, nawe wauvuta siku nzima. Huko Uingereza, katika mji wa High Wycombe, ambako watu wengi walitengeneza viti, daktari mmoja wa pua na masikio aitwaye Esmé Hadfield aliona katika miaka ya 1960 kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra, ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika daraja la vitu ambavyo imethibitika kwamba huleta saratani kwa wanadamu. Saratani hiyo huchukua miaka mingi, na si kila fundi humpata. Lakini kikohozi, pua inayowasha, na kifua kinachobana usiku hazingoji miaka. Vumbi la mninga, ule ambao wengine huuita mulombwa, ni mti mzuri kwa samani, lakini limejulikana kuwaletea wengine pumu na upele. Basi fanya kazi nje, upepo ukitoka mgongoni pako. Funika pua na mdomo; barakoa ya kuzuia vumbi ni bora kuliko kitambaa, lakini kitambaa safi ni bora kuliko kutofunika kabisa. Nyunyiza maji kidogo chini kabla ya kufagia. Na mtoto mchanga asilazwe chini ya mwembe huo huo, ijapokuwa kivuli ni kizuri.

Nimebakiza lile linalonihusu mimi mwuguzi, maana juu ya yale mengine wewe ndiwe bwana nyumbani mwako.

Msumeno ukikukata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, uinue mkono juu ya moyo, na ukae hivyo dakika 10 kwa saa, bila kufunuafunua kutazama. Vua pete mara moja, kabla kidole hakijavimba. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Usilitie majivu, wala unga wa mbao, wala mafuta ya mashine, wala udongo. Nimeona yote hayo, na kila moja ilinibidi kulitoa tena kwa brashi huku mgonjwa akilia. Damu ikikataa kusimama, au ukiona mfupa, au kidole hakikunjiki, au hakina hisi, usingoje asubuhi. Kipande cha kidole kikikatika kabisa, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uweke juu ya barafu kama ipo. Kisiguse barafu yenyewe wala kisitiwe majini. Uje nacho. Daktari ndiye atakayesema kama kinafaa.

Na sindano ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, na lupango lenye mbuzi na kuku halivikosi. Huingia hata kwa mkwaruzo ambao mtu hakujali. Siku hupita, mara nyingi kati ya 3 na 21, ndipo taya hukaza, mtu hawezi kufungua kinywa, na mgongo hupinda kama upinde. Akili yake i timamu, anajua yote. Nimewauguza watu hao gizani, kwa kuwa hata mwanga na mlio wa mlango huwatia mkazo. Wengine hupona. Wengi hatukuwaokoa.

Sasa nikuulize, baba, ulichomwa sindano hiyo lini? Mtoto wako hupewa anapokuwa na wiki 6, 10 na 14. Mke wako hupewa akiwa na mimba. Wewe unayeshika misumari na nyembe kila siku hakuna aliyekuita, na kadi yako, kama uliwahi kuwa nayo, ilikwisha kupotea. Huu ndio upungufu wetu sisi watu wa hospitali kama ulivyo wako. Twawaita akina mama kwa kengele, na akina baba twawangoja waje na damu. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa huanza na sindano mbili, wiki 4 kati ya moja na nyingine, kisha ya tatu baada ya miezi 6, ndipo zafuata nyingine za kutia nguvu. Usingoje jeraha. Na jeraha likija kwanza, uje siku ile ile, hata kama limekwisha kufunga, ukaseme wazi kwamba hukumbuki chanjo yako. Hakuna atakayekuaibisha.

Yule mtoto vidonda vyake vilipona katika wiki chache. Kuandika kwa mkono wa kuume kulimshinda kwa muda mrefu, akajifunza kwa wa kushoto, na mwalimu wake alikuwa mvumilivu. Mwezi uliopita nilipita kwao kuagiza benchi la wagonjwa. Baba alikuwa ameketi kivulini akipiga randa kwa mkono, maana umeme ulikuwa umekatika. Tulizungumza juu ya bei, tukapatana. Meza ya msumeno ilikuwa hapo kando yetu, na fishi imening'inia msumarini. Yule mtoto alitoka ndani ya nyumba, akanisalimu, na kabla hajapita akageuza kichwa kuitazama.